Mla Nawe Husalia Akasimulia: Baba Mlezi na Mwana Shahidi katika Filamu za Majambazi

Utangulizi

Katika Kiswahili, mzazi si lazima awe mlezi. Lugha yenyewe imekitenga kitenzi zaa na kitenzi lea, na kila mmoja wetu anamjua mtu aliyezaa asilee, na mwingine aliyelea asiyemzaa. Tofauti hii, ambayo kwetu ni ya kila siku, ndiyo kiini cha aina moja ya filamu za Kimarekani zilizotazamwa sana ulimwenguni, yaani filamu za majambazi. Ndani ya filamu hizi mna uhusiano mmoja ambao umerudiwa tangu miaka ya 1930 hadi karne hii. Mwanamume mzima aliye jambazi humchukua kijana asiye wake, akamfunza, akamlisha, akampa jina mbele ya watu. Kisha mwishoni mmoja wao humwangamiza mwenziwe, au husimama kando akamwona anaangamia.

Wahakiki wameueleza uhusiano huu kwa njia mbili hasa. Wako wanaofuata nadharia ya Freud, nao huona kwamba mwana anamwua baba ili aishike nafasi yake. Wako pia wanaomfuata Robert Warshow, ambaye katika insha yake mashuhuri ya mwaka 1948 alimtazama jambazi wa filamu kama shujaa wa tanzia, mtu anayepanda juu peke yake na ambaye, kwa sababu hiyo hiyo, huanguka peke yake. Njia zote mbili zina faida. Hata hivyo, kila moja yaacha jambo ambalo halina budi kuelezwa. Ya kwanza haielezi kwa nini wengi wa wana hawa hawaitamani kabisa nafasi ya baba. Ya pili haielezi kwa nini jambazi huyu wa upweke hatulii mpaka apate kijana wa kumfunza.

Hoja ya makala haya ni kwamba baba mlezi wa filamu za majambazi hutafuta mrithi akapata shahidi. Kasoro yake kubwa si ukatili, ijapokuwa ni mkatili. Kasoro yake ni kutaka mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: anataka mwana atakayemkumbuka, na wakati huo huo anataka mwana atakayenyamaza. Wahenga walisema: Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tutaitumia methali hii kama kipimo katika kuzichunguza filamu nne: Goodfellas (1990), A Bronx Tale (1993), Donnie Brasco (1997) na Road to Perdition (2002). Lakini kwanza yafaa tutazame msingi uliowekwa na filamu zilizozitangulia.

Msingi wa Uhusiano

Katika The Public Enemy, filamu ya mwaka 1931 iliyoelekezwa na William Wellman, Tom Powers ana baba mzazi aliye polisi. Baba huyu hasemi na mwanawe ila kwa mkanda. Nje ya nyumba yupo Putty Nose, mtu anayewakusanya watoto wa mtaa, akawapigia piano na kuwaimbia, kisha akawafundisha kuiba. Siku ya wizi wao mkubwa wa kwanza mambo yanaharibika, na vijana wanapokimbilia kwake wanakuta mlango umefungwa. Miaka kadhaa baadaye Tom, aliyeigizwa na James Cagney, anamfuata Putty Nose hadi chumbani mwake. Mzee anapiga magoti na kuomba huruma. Anawakumbusha utoto wao, na kama uthibitisho wa malezi yake anaketi kwenye piano na kuanza wimbo wa zamani. Tom anampiga risasi katikati ya wimbo, na kamera haimwonyeshi anayekufa. Humwonyesha Matt, rafiki wa Tom, akitazama kwa hofu.

Tukio hili fupi lina mbegu ya yote yatakayofuata. Baba mlezi anajitetea kwa kumbukumbu: aomba akumbukwe. Nayo kumbukumbu ndiyo inayomwua, maana mwana anakumbuka wimbo na anakumbuka pia mlango uliofungwa. Kisha, kando ya mauaji, pana mtu wa tatu anayeona.

The Godfather ya Francis Ford Coppola (1972) na sehemu yake ya pili (1974) ziliupanua msingi huu. Jina lenyewe la filamu latoka katika sakramenti: baba wa ubatizo ni msimamizi, mtu anayejifunga mbele ya kanisa kumwangalia mtoto asiye wake. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Michael Corleone anasimama kanisani kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa dada yake, huku watu wake wakiwaua maadui zake mjini. Siku hiyo hiyo anaamuru baba mzazi wa mtoto huyo auawe. Kwa hivyo, kabla maji ya ubatizo hayajakauka, msimamizi amemfanya mtoto yatima. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huu wa ulezi uliogeuzwa ndani nje.

Sehemu ya pili yaleta suala la ushahidi waziwazi. Frank Pentangeli yu tayari kumshuhudia Michael mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Michael anamleta ndugu yake Pentangeli kutoka Sisili na kumketisha kimya katika chumba cha kikao. Pentangeli anamwona, na papo hapo anayakana yote aliyokuwa ameyaandikisha. Damu imefunga kinywa. Baadaye anayetumwa kwa Pentangeli ili kukifunga kinywa hicho daima ni Tom Hagen, kijana aliyeokotwa mtaani na kulelewa na akina Corleone. Kwa mazungumzo ya upole juu ya desturi za Warumi wa kale, Hagen anamwelekeza mzee huyo kujiua. Mwana wa kulelewa, ambaye daima anaambiwa kwa njia moja au nyingine kwamba yeye si wa damu, ndiye anayepewa kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayesema.

Mwana Anayesema: Goodfellas

Filamu ya Martin Scorsese yatokana na kitabu cha Nicholas Pileggi cha mwaka 1985 juu ya maisha ya Henry Hill, mtu aliyekuwako hasa. Hapa pia baba mzazi ni mtu wa mkanda. Shule inapoandika barua kueleza kwamba Henry haonekani darasani, baba anampiga. Baba walezi wa upande wa pili wa barabara wanalitatua tatizo hilo kwa njia yao: wanamkamata tarishi, wanamwingiza kichwa karibu na moto wa tanuri la piza, na kumwonya kwamba barua ya shule isifike tena katika nyumba ile. Watazamaji hucheka. Lakini tukizingatia, msaada wa kwanza ambao Henry anapata kwa walezi wake ni kuzuiwa kwa habari. Wamemlinda kwa kuukata ulimi wa mtu mwingine.

Somo lenyewe laja muda mfupi baadaye. Kijana anakamatwa akiuza sigara za wizi, anafikishwa mahakamani, na hasemi neno. Nje ya chumba cha mahakama anapokewa kama bwana harusi. Jimmy Conway anampongeza na kumwambia kwamba amejifunza mambo mawili makuu, kutowasaliti rafiki na kufunga mdomo, na Paulie Cicero pamoja na wengine wanamzunguka kwa vicheko. Hili ndilo jando lake. Katika jamii nyingi kijana anayeingia utuzimani hufunzwa maneno, nasaba, miiko na historia ya watu wake. Henry anafunzwa kimya.

Methali yetu yasema juu ya kula, na hakuna filamu ya aina hii inayokula kuliko Goodfellas. Hata gerezani Paulie anakata kitunguu saumu kwa wembe, vipande vyembamba mno, ili kiyeyuke katika mafuta. Henry yupo mezani. Kwa miaka mingi amekula na Paulie, na kwa muda wote huo wa kula hapana aliyemwuliza kama yu tayari kufa naye. Anapokamatwa mwaka 1980 kwa biashara ya dawa za kulevya, biashara ambayo Paulie alimkataza, mzee anamtolea dola 3,200 na kumpa kisogo. Henry mwenyewe anaihesabu fedha hiyo kuwa malipo ya maisha mazima. Kinachofuata ni mahakama ya pili. Mwana aliyepongezwa zamani kwa kunyamaza sasa ananyosha kidole kuwaonyesha Paulie na Jimmy.

Hapa Scorsese anafanya jambo la fani ambalo lina uzito wa maudhui. Henry anashuka kizimbani na kusema nasi moja kwa moja, akiitazama kamera. Ndipo tunapotambua kwamba ile sauti ya msimulizi iliyotuongoza tangu mwanzo, yenye mapenzi mengi kwa watu wale na chakula chao, ilikuwa ni ushahidi tangu mwanzo. Hatukuwa tukisikiliza kumbukumbu za mwana juu ya baba zake. Tulikuwa tukisikiliza maelezo ya shahidi wa serikali. Filamu yaacha mambo hayo mawili yawe kitu kimoja. Henry hana namna nyingine ya kuwakumbuka ila kwa kuwasaliti, kwa sababu wao wenyewe hawakumwachia namna nyingine.

Mdhamini na Mpelelezi: Donnie Brasco

Katika filamu ya Mike Newell mwana ni shahidi kabla ya kuwa mwana. Joseph Pistone, mpelelezi wa FBI, aliingia katika genge la Bonanno mjini New York mwaka 1976 kwa jina la Donnie Brasco, akakaa humo hadi mwaka 1981. Mlango wake katika filamu ni Lefty Ruggiero, jambazi aliyezeeka bila kupandishwa cheo, aliyeigizwa na Al Pacino. Lefty amewaua watu 26 kwa hesabu yake mwenyewe, lakini hana hata fedha za kutosha. Vijana wanapandishwa yeye akitazama. Mwanawe wa kuzaa ni mtumwa wa dawa za kulevya, na wakati mmoja nusura afe. Ni Donnie anayekwenda hospitalini kuketi na mzee.

Neno linalofaa kumweleza Lefty si mlezi tu bali pia mdhamini. Katika desturi ya genge, anayemtambulisha mtu mpya kuwa ni mmoja wao anaweka shingo yake rehani. Lefty anafanya hivyo kwa hiari, na kwa furaha ambayo hatumwoni nayo mahali pengine. Siku ya Krismasi anavaa aproni na kumpikia Donnie, huku akimfunza jinsi mtu wa genge apaswavyo kutembea, kuvaa na kuzungumza. Pacino anayaigiza haya bila ukali wowote. Twaona mzee aliyeshindwa kazi yake akijaribu kufaulu katika malezi.

Kisha laja swali la methali: nani anakufa na nani? Ukweli unapofichuka, Lefty anapigiwa simu nyumbani. Anajua maana ya simu hiyo. Anavua saa, pete na mkufu, anaviweka ndani ya droo, na anaiacha droo wazi kidogo ili mkewe Annette asipate taabu ya kuvitafuta. Anamwachia Annette ujumbe: Donnie akipiga simu, aambiwe kwamba, ikiwa ni lazima awe mtu fulani, basi yeye Lefty anafurahi kuwa ni Donnie. Kisha anatoka. Tukio linalofuata ni la serikali kumtunuku Pistone nishani na hundi ya dola 500. Tukizikumbuka zile dola 3,200 za Paulie, tutaona kwamba mwana katika filamu hizi hulipwa na pande zote mbili, na pande zote mbili humlipa kidogo. Uso wa Johnny Depp wakati anapopokea hundi hauonyeshi fahari yoyote. Ni uso wa mtu aliyefanya kazi yake sawasawa na kupoteza baba.

Mwana Anayenyamaza: A Bronx Tale

Filamu hii, ya kwanza kuelekezwa na Robert De Niro, yatokana na mchezo wa mwigizaji mmoja wa Chazz Palminteri, ambaye katika filamu anaigiza nafasi ya jambazi Sonny. De Niro mwenyewe ni Lorenzo, dereva wa basi, baba mzazi wa Calogero. Twaona mara moja kwamba mpango wa zamani umebadilishwa. Baba mzazi hapa si mtu wa mkanda. Ni mlezi mwema. Kwa hivyo mvuto wa jambazi hauwezi kuelezwa kwa upungufu wa nyumbani, na swali la filamu lawa gumu zaidi: je, mtoto aliyelelewa vyema anamhitaji baba wa pili kwa nini?

Mwaka 1960 Calogero, mtoto wa miaka tisa, anaketi kwenye ngazi za nyumba yao anapomwona Sonny akimwua mtu. Polisi wanampitisha mbele ya wanaume wa mtaa ili amtambue mwuaji. Anafika kwa Sonny, anamtazama, na anasema si yeye. Basi hapa uhusiano wa baba mlezi na mwana unaanzia penye ushahidi uliokataliwa. Sonny hakumchagua Calogero kwa akili zake wala kwa sura yake. Alimchagua kwa uongo wake. Lorenzo analielewa tendo hilo kwa usawa ambao wahakiki wengi wangeweza kuuonea wivu: amwambia mwanawe kwamba amefanya jambo jema kwa ajili ya mtu mbaya.

Kwa muda wa miaka minane Sonny anamlea kijana kwa mapenzi ya kweli. Anamtaka asome. Anamkataza kumwiga. Anamtoa kwa nguvu katika gari la rafiki zake waliokuwa wakienda kufanya shambulio la moto, na rafiki hao wanakufa usiku huo. Twaweza kusema kwamba katika jambo hili Sonny anamzaa Calogero mara ya pili. Hata hivyo kasoro haikosekani. Sonny anaishi kwa kanuni moja aliyoisoma gerezani katika Machiavelli, ya kwamba ni afadhali kuogopwa kuliko kupendwa. Gari lake linapotegwa bomu, na Calogero ndiye aliyekuwa ameliazima, anamgeukia kijana na kumpiga. Kwa muda mfupi Sonny hana mwana, ana mshukiwa. Machozi ya Calogero ndiyo yanayomthibitishia kwamba amekosea. Mtu aliyejifunza kutomwamini yeyote hawezi kuiacha elimu hiyo mlangoni anapoingia kwa mtu ampendaye.

Sonny anapouawa mwaka 1968, mwuaji wake ni mwana wa yule mtu aliyemwua mbele ya Calogero. Mwana wa damu anakuja kulipiza kisasi cha baba mzazi, na mwana wa kulelewa anaona tena, kwa mara ya pili, mauaji asiyoweza kuyazuia. Lakini safari hii hapana polisi anayemwuliza neno. Anasema kwa hiari yake: filamu nzima ni usimulizi wake. Na kwenye mazishi anaingia Lorenzo kutoa heshima zake na kumshukuru maiti kwa kuyaokoa maisha ya mwanawe. Mzazi anatoa ushahidi mwema juu ya mlezi. Hili halitokei mahali pengine popote katika filamu tunazozichunguza, na ndilo linaloifanya A Bronx Tale iwe na huruma kuliko nyingine. Yafaa ikumbukwe kwamba De Niro aliitabaruku filamu hii kwa baba yake mwenyewe, mchoraji aliyefariki mwaka huo huo wa 1993.

Damu na Malezi: Road to Perdition

Filamu ya Sam Mendes yajaribu methali yetu kwa ukali usiopatikana katika nyingine. Ni majira ya baridi ya mwaka 1931 katika jimbo la Illinois. John Rooney, aliyeigizwa na Paul Newman, ana wana wawili: Connor, aliyemzaa, na Michael Sullivan, aliyemlea. Anampenda Sullivan zaidi, na kila mtu anajua hivyo. Mapema katika filamu, kwenye matanga, mzee na Sullivan wanaketi pamoja kwenye piano na kupiga wimbo kwa mikono minne. Connor anatazama. Tukikumbuka piano ya Putty Nose, tutaona kwamba chombo hiki kimerudi miaka 70 baadaye kikiwa bado ni ala ya baba mlezi.

Balaa inaanzishwa na shahidi. Mwana wa Sullivan, mvulana wa miaka 12, anajificha ndani ya gari ili ajue kazi ya baba yake, na anamwona Connor akimwua mtu. Sullivan anatoa ahadi kwamba mtoto hatasema. Ahadi hiyo haimtoshi Connor, ambaye anakwenda kumwua mtoto, na kwa makosa anamwua ndugu mdogo pamoja na mama yao. Sasa Rooney hana budi kuchagua. Anajua kwamba Connor ana hatia; anajua hata kwamba Connor amekuwa akimwibia. Hata hivyo anachagua damu. Katika chumba cha chini ya kanisa anamwambia Sullivan waziwazi kwamba hapana yeyote kati yao atakayeiona pepo, na Sullivan anamjibu kwamba mtoto wake angeweza kuiona. Mazungumzo hayo mafupi ndiyo moyo wa filamu. Rooney amekata tamaa na nafsi yake, kwa hivyo hana cha kumwachia mwana isipokuwa ile hali yake ya kupotea. Sullivan, aliyepotea vile vile, anakataa kuirithisha.

Ndipo laja tukio la mvua. Walinzi wa Rooney wanaanguka mmoja mmoja bila sauti yoyote ya risasi kusikika. Mzee anageuka polepole, anamwona Sullivan, na kusema kwamba anafurahi kuwa ni yeye. Sullivan anampiga risasi akilia.

Neno Moja la Baba Wawili

Tumefika mahali ambapo hoja yetu yahitaji kusimama kidogo. Lefty na Rooney ni wahusika wa filamu mbili zisizohusiana, zilizoandikwa na watu tofauti; nao, katika kufa kwao, wanasema karibu neno lile lile. Kila mmoja anafurahi kwamba anayemwangamiza ni mwanawe wa kulelewa. Kwa nini?

Historia yatusaidia kujibu. Lefty Ruggiero wa kweli hakuitwa kwa simu akaenda kufa. Alikamatwa na FBI mwaka 1981 kabla wenziwe hawajamfikia, akafungwa, na akafa kwa maradhi mwaka 1994. John Rooney naye ana asili katika mtu wa kweli, John Looney wa mji wa Rock Island. Na katika maisha ya Looney aliyeuawa ni mwanawe Connor, mwaka 1922, huku baba akiishi miaka mingi baada yake. Filamu zote mbili, basi, zimeigeuza historia kwa namna moja: zimemtoa baba kafara na kumfanya airidhie kafara hiyo.

Twaweza kudai kwamba msanii ana haki ya kufanya hivyo, na haki hiyo hatuipingi. Lakini mhakiki hana budi kuuliza nani anafaidika. Anayefaidika kwanza ni mwana, ambaye anasamehewa kabla hajaomba radhi. Anayefaidika pili ni mtazamaji, ambaye ameufurahia urafiki wa wauaji kwa saa mbili na sasa anaruhusiwa kulia bila kuhukumu. Baba anapolibariki tendo la mwanawe, ushahidi unakoma kuwa ushahidi. Hatuulizwi tena juu ya wale watu 26 wa Lefty, wala juu ya wajane ambao Sullivan aliwaongeza kwa amri ya Rooney. Msamaha umetolewa na mtu ambaye si yeye aliyekosewa zaidi. Kwa maoni yetu hili ndilo doa la filamu hizi mbili, na ni doa linalopendeza macho, jambo ambalo lafanya liwe gumu kuondolewa. Goodfellas haina machozi ya namna hii, na pengine kwa sababu hiyo ni ya kweli zaidi, ijapokuwa si yenye huruma zaidi.

Hata hivyo Road to Perdition yajirekebisha mwishoni. Sullivan anapigwa risasi katika nyumba ya pwani ya ziwa. Mtoto ameshika bastola na hawezi kuifyatua; baba anayekufa anamwua adui kwa nguvu zake za mwisho, na anakufa akiwa amefarijika kwamba mwanawe hakuweza. Mtoto anarudi kwa wazee wawili wa shambani waliokuwa wamewahifadhi, wasiomdai chochote, nao wanamlea. Akiwa ameshakua atuambia kwamba watu humwuliza kama Michael Sullivan alikuwa mtu mwema au alikuwa hana wema wowote. Jibu lake huwa moja tu, kwamba alikuwa baba yake.

Jibu hili halimtetei baba, wala halimsamehi. Mtoto ameona yote na amekwisha kutusimulia yote, pamoja na maiti. Anachokataa ni kuigeuza nasaba kuwa hukumu. Huu ndio ushahidi ambao Henry Hill hakuweza kuutoa, kwa sababu alikuwa akijiokoa. Na ambao Donnie Brasco hakuruhusiwa kuutoa, kwa sababu alikuwa kazini.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika filamu za majambazi uhusiano wa baba mlezi na mwana wa kulelewa wasimama juu ya suala la ushahidi, na kwamba suala hilo si la polisi na mahakama tu. Ni suala la malezi yenyewe. Mlezi yeyote, mwema kwa mbaya, anamlea mtu atakayemsimulia siku moja. Baba wa genge analijua hilo, analiogopa, na kwa hofu hiyo anafundisha kimya badala ya maneno. Lakini mwana asiyeachiwa maneno hutafuta ya wengine: Henry akapata ya mwendesha mashtaka, Donnie akapata ya ofisi yake. Ni wale wawili tu waliokuwa na mtu mwingine wa kuwalea, Calogero mwenye Lorenzo na mtoto wa Sullivan mwenye wazee wa shambani, waliopata maneno yao wenyewe.

Methali yetu, basi, imethibitika kwa nusu. Ni kweli kwamba mla nawe hafi nawe. Paulie alikufa gerezani na Henry akaishi. Lefty wa filamu alitoka mlangoni peke yake. Sonny na Rooney walianguka wana wao wakiwa wima. Bali nusu ya pili, ile ya mzaliwa nawe, filamu hizi hazikuithibitisha, maana Connor alimwibia baba yake na hakufa kwa ajili yake. Wahenga hawakuwa wakisema juu ya majambazi, nasi hatuna haja ya kuwasahihisha. Twaongeza tu lile tuliloliona katika filamu hizi, ya kwamba mla nawe husalia akasimulia, na kwamba kazi ya mlezi ni kuishi kwa namna ambayo usimulizi huo hautahitaji kuzuiwa.